Mawimbi Yasiyoonekana

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Neno hilo lafaa kukumbukwa na kila asimamaye ufukoni akitazama mawimbi yakivunjika miambani. Mtu huyo hudhani ameiona kazi yote ya bahari. Sisi twasema ameona povu tu. Kazi iliyo kubwa zaidi hufanyika chini, gizani, pasipo kelele, na juu yake hutegemea kitoweo cha maelfu ya nyumba.

Mwezi wa Agosti 1893 Fridtjof Nansen wa Norwei alikuwa akipita kaskazini ya Siberia katika meli yake, Fram. Bahari ilikuwa shwari na mtambo ulikuwa ukifanya kazi, lakini meli ilipungua mwendo kana kwamba imeshikwa na mkono. Mwaka 1904 Vagn Walfrid Ekman wa Sweden alieleza sababu yake baada ya kufanya majaribio katika hodhi. Maji matamu, mepesi, yalikuwa yametanda juu ya maji ya chumvi yaliyo mazito, na meli ilikuwa ikipoteza nguvu zake kwa kuamsha mawimbi makubwa katika mpaka wa maji hayo mawili. Juu hapakuwa na dalili yoyote.

Huenda msomaji akauliza: mawimbi hayo yatuhusu nini? Yatuhusu tumboni. Maji ya juu yana mwanga wa jua, lakini vijimea vyake vidogo, ambavyo ndivyo malisho ya kwanza ya samaki, huimaliza mbolea upesi. Mbolea hujaa chini, kwa sababu vitu vifavyo baharini huzama na kuozea huko. Pasipo kitu cha kuyachanganya maji, jua lingebaki juu bila rutuba, na rutuba ingebaki chini bila jua. Kule pwani ya Somalia kila mwaka kusi huyasukuma maji ya juu mbali na nchi kavu, na maji ya baridi hupanda mahali pake yakichukua mbolea. Ndipo vijimea hustawi, na samaki hufuata.

Lakini upepo hauvumi vilindini. Je, huko ni nani akorogaye? Mwaka 1966 Walter Munk, mtaalamu wa California, alipiga hesabu ya kiasi cha mchanganyiko kinachohitajika ili maji baridi yazamayo karibu na ncha za dunia yasije yakaijaza bahari yote. Wapimaji walipoteremsha vyombo vyao katika bahari wazi, mara nyingi walikuta kama sehemu moja ya kumi tu ya kiasi hicho. Mwaka 1997 sehemu ya jibu ilitokea katika Bonde la Brazili, chini ya Bahari ya Atlantiki. Penye sakafu tambarare mchanganyiko ulikuwa hafifu, bali juu ya miteremko ya milima ya baharini ulikuwa mkubwa. Maji yakijaa na kupwa hupita juu ya milima hiyo, huamsha mawimbi ya ndani, na mawimbi hayo huvunjika gizani kama yale ya juu yavunjikavyo mwambani. Mwaka 1998 Munk na mwenziwe Carl Wunsch walikadiria kwamba karibu nusu ya nguvu zikorogazo vilindi zaweza kuwa zatoka katika kujaa na kupwa kwa maji. Basi Mwezi ule ule umpangiao mvuvi wetu bamvua na maji mafu, ndio ushikao mwiko wa vilindi.

Sasa mwiko huo unapata chungu kizito. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada lililoletwa na moshi wa viwanda na mitambo ya dunia limeingia baharini. Joto hilo huanzia juu, nayo maji ya juu huwa mepesi zaidi na hukataa kuchanganyika na ya chini. Kati ya 1970 na 2018 utengano huo katika meta 200 za juu uliongezeka kwa kadiri ya asilimia 5. Utengano ukizidi, mbolea hupanda kwa shida na hewa hushuka kwa shida. Wa kwanza kupata hasara si mwenye meli kubwa, ambaye aweza kuwafuata samaki popote waendako. Ni mwenye ngalawa, ambaye hana budi kurudi kwake jioni.

Fundisho la Bonde la Brazili ni wazi. Lau wataalamu wangaliridhika na vipimo vya sakafu tambarare peke yake, wangaliondoka na jibu la uongo. Bahari haipimwi kwa kipimo cha bahari nyingine. Unguja ina Taasisi ya Sayansi za Bahari, na Mombasa inayo taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi. Yatupasa kuzipatia vyombo, na kuwapeleka huko vijana wetu walio hodari wa hesabu. Nao wakifika, wasimpite mvuvi mzee pasipo kumwuliza, kwa maana aliujua ubaridi wa maji ya kusi kwa mikono yake kabla wao hawajashika kipimajoto.

Asiyeipima bahari yake atasimuliwa habari zake na wageni, tena baada ya samaki kwisha kuondoka.