Viungo vya Mwili: Kila Kimoja na Mwendo Wake

Katika Gatete na sehemu nyingine za Rumonge, ambako mawese ni riziki ya watu wengi, mkataji wa mikungu hupanda mchikichi, akajishikilia kwa mkono mmoja na kukata kwa mwingine. Kule ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, mvuvi wa dagaa huvuta wavu wake usiku. Kazi hizi zisingewezekana kama mwili wetu ungekuwa mfupa mmoja. Mtu mzima ana mifupa 206, na pale mfupa unapokutana na mwenzake ndipo penye kiungo.

Wataalamu huvigawa viungo katika mafungu matatu. La kwanza ni viungo visivyocheza, kama mishono ya fuvu la kichwa. Kwa mtoto mchanga mishono hiyo haijafunga bado, ndiyo maana utosi wake ni laini. La pili ni vinavyocheza kidogo, kama vya uti wa mgongo, ambako kati ya pingili na pingili mna kisahani cha gegedu. La tatu ni vinavyocheza sana. Humo ncha za mifupa zimevikwa gegedu, na ute huzilainisha zisisagane.

Hata hivi vya mwisho havifanani. Kiwiko ni kama bawaba ya mlango: hukunja na kukunjua. Shingoni, mfupa wa kwanza huzunguka jino la mfupa wa pili, nasi tukaweza kugeuza uso kushoto na kulia. Shina la kidole gumba limekaa kama mtu juu ya tandiko la farasi, likatuwezesha kushika panga na kamba. Bega na nyonga ni mithili ya mchi ndani ya kinu.

Lakini vinu hivyo viwili havilingani. Cha nyonga kina shimo refu, hivyo hubeba uzito wa mwili bila kuchomoka upesi. Cha bega hakina kina, ni kama kisahani tu. Kwa sababu hiyo mkono hufika juu, nyuma na pembeni. Na kwa sababu hiyo hiyo, bega huteguka mara nyingi kuliko kiungo kingine chochote kikubwa. Uhuru wa bega ndio udhaifu wake.

Hapo ndipo tunapopenda kuwatahadharisha wasomaji wetu. Mtu akianguka kutoka mchikichini na bega likateguka, jamaa wasimvute mkono ili kuurudisha mfupa. Kuvuta huko kwaweza kuumiza mishipa ya damu na ya fahamu, na pengine mfupa nao umevunjika. Mkono ufungwe kwa kitambaa kama ulivyo, usichezechezwe, na majeruhi apelekwe hospitali mara moja. Kwani kadiri saa zipitavyo misuli hukaza, na kuurudisha mfupa huwa kazi ngumu zaidi.

Kwa mkataji na kwa mvuvi, bega ni chombo cha kazi kisichouzwa dukani. Hatuna budi kulitunza.