Duka lako liko kwenye simu, lakini wewe unaishi mtaani

Leo hatuongelei picha za bidhaa wala namna ya kumjibu mteja msumbufu. Tunaongelea usalama wako, wa mzigo wako, na wa watu unaoishi nao nyumba moja.

Wengi wetu hatuna fremu. Stoku iko chumbani, kwenye mabegi na chini ya kitanda. Mteja anaona kwenye stetasi, anatuma hela, boda anakuja kuchukua. Sasa fikiria: watu 300 kwenye simu yako wanajua unauza nini, wanajua mzigo mpya umeingia lini, wengine wanajua mpaka geti. Lakini jirani wa chumba cha pili hajui unafanya kazi gani. Mjumbe hakujui. Mwenyekiti wa mtaa hujawahi hata kumsalimia. Na siku likitokea la kutokea, wa karibu ndio watakaowahi kufika.

Kuna dada mmoja huwa tunakutana Kariakoo kufuata mzigo, yeye anauza simu za mtumba. Amepanga huko Mbagala. Siku moja saa tatu usiku walikuja vijana wawili, wakasema wamefuata simu aliyoposti mchana. Wakaondoka na simu nne. Majirani walisikia kelele, lakini wamezoea wageni kuingia na kutoka pale, hakuna aliyetoka. Polisi wakamuuliza namba za IMEI, hana hata moja. Akaenda serikali ya mtaa, swali la kwanza likawa: "Wewe binti unakaa nyumba ya nani?" Ana mwaka wa pili hapo.

Kwa hiyo shika haya:

1. Jitambulishe mtaani kabla hujapata shida.
Nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti amechaguliwa na wananchi, mtendaji ameajiriwa. Waambie unaishi wapi na unafanya biashara gani, chukua namba zao za simu. Najua wengi tunajificha tukiogopa kuulizwa leseni na kodi. Lakini kujificha hakukulindi. Mambo ya kodi ni ya TRA, na TIN yenyewe inatolewa bure. Halafu barua ya utambulisho utaihitaji tu, iwe benki, iwe kwenye mkopo. Ni rahisi kuandikiwa na mtu anayekujua.

2. Changia ulinzi shirikishi.
Wa Dar mnakumbuka Septemba 2022, Panya Road walivyokuwa wanavamia nyumba usiku. Mitaa mingi ndipo ikarudisha vijana wa doria, halafu hali ilipotulia watu wakaanza kukwepa mchango. Usiseme "mimi sina duka". Unalo, liko chini ya kitanda. Toa mchango, dai risiti, na kama hela hazieleweki zinakwenda wapi, uliza kwenye mkutano wa mtaa. Mkutano huo ni wa mkazi yeyote kuanzia miaka 18, hata mpangaji. Mapato na matumizi ya mtaa yanatakiwa kusomwa hapo. Siku hizi kata nyingi zina polisi kata pia. Muulize mtendaji namba yake, uiweke kwenye simu.

3. Mteja usimuelekeze chumbani.
Chagua sehemu moja yenye watu na taa: kituo cha daladala, kwa wakala, au karibu na kijiwe cha boda. Weka na muda, mfano mwisho saa kumi na mbili jioni. Mteja wa kweli ataelewa. Akilazimisha kuja usiku mpaka mlangoni, bora oda ife. Na kabla hujaachia mzigo, angalia salio lako mwenyewe, usiamini meseji anayokuonyesha kwenye simu yake. Namba ya meseji za kitapeli itume kwenda 15040, ni bure.

4. Kuwa na kijiwe chako cha boda.
Usisimamishe boda yeyote barabarani ukampa mzigo wa laki mbili. Chagua kijiwe cha karibu, mfahamu mwenyekiti wao, andika jina la dereva na namba ya pikipiki kila unapompa mzigo. Hawa jamaa wanashinda barabarani, wanajua sura ngeni ikiingia mtaani. Ukiishi nao vizuri, umepata macho mengi bila kulipa mlinzi.

5. Andika mali yako.
Unauza simu? Bonyeza *#06#, nakili IMEI ya kila moja kwenye daftari kabla hujaiposti. Unauza vitu vingine? Piga picha, tunza risiti. Ukiibiwa nenda kituoni uchukue RB, na RB hailipiwi. Ukiwa na RB na IMEI, ndipo unaenda kampuni ya simu kuomba simu ifungiwe. Bila namba hizo unabaki unaeleza rangi ya simu tu.

6. Usisahau moto.
Chumba kimejaa nguo, mafuta ya nywele na maboksi, pembeni kuna jiko la gesi na ekstensheni moja imebeba chaji, pasi na feni. Hapo unacheza na nyumba nzima. Tenga mzigo mbali na jiko, chomoa vitu ukilala, usizibe mlango kwa mabegi. Zimamoto ni 114, polisi 112, zote bure. Na jua anwani yako! Mwaka 2022 nyumba ziliwekewa namba na barabara zikapewa majina. Nenda kaangalie namba ya nyumba yenu sasa hivi, uiandike ukutani ndani. Gari la zimamoto halitafika kwa "ukifika kwa Mangi kata kushoto". Hiyo namba wape wa msaada na majirani, mteja mpe sehemu ya kukutana.

7. Mtaani hakuna usalama tu, kuna na fursa.
Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inakopeshwa bila riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Inatolewa zaidi kwa vikundi, na safari inaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kumbe wauzaji watano wa mtaa mmoja mnaweza kuwa kikundi. Hata kabla ya mkopo, fungueni grupu la kupeana taarifa: mteja tapeli, boda aliyepotea na mzigo, gari lisiloeleweka limepaki usiku. Mkilindana ndiyo mtaweza kukopeshana.

Usifanye yote leo. Leo anza na jirani. Mgongee, msalimie, mwambie: "Mimi nauza nguo, wateja wangu hawaji usiku. Ukiona mtu usiku mlangoni kwangu, nipigie." Halafu na wewe chukua namba yake, ili siku akisafiri umuangalizie na kwake.

Mtaani kwenu ulinzi shirikishi upo au ulikufa? Tuambie kwenye maoni, na mtumie hii muuzaji mwenzako anayeishi peke yake.