Kabla ya kutuma mchango, mujue mkono unaoupokea



Tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilibomoa vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa, na mashamba yakafunikwa na mawe na matope. Kwa msiba kama ule, sisi wakulima hatungoji kuambiwa: huyu analeta maharagi, yule anatoa franga.

Lakini mdanganyifu naye anajua kama saa hiyo moyo wetu uko wazi. Anatuma picha ya kuliza watu kwa WhatsApp, anataja jina la shirika kubwa ao la kanisa, kisha anatoa nimero ya M-Pesa ao Airtel Money. Anasema: «Tuma leo leo!» Ile haraka ni alama ya kwanza. Ya pili: nimero iko ya mutu, haiko ya shirika. Ya tatu: ukimuuliza, anakasirika. Na franga ikiisha kutolewa kwa wakala, kuirudisha ni nguvu sana.

Tufanye namna gani?

1. Ulizeni kwanza. Pigieni mutu munayemujua kule kule: memba wa koperative jirani, shefu wa kijiji, padri ao pasta. Musipigie nimero iliyo kwenye ujumbe, juu mwenye kujibu atakuwa yeye yule.

2. Changeni pamoja. Kikao kichague watu watatu, wanaume na wanawake. Kila mchango uandikwe kwenye kitabu mbele ya wote.

3. Mukituma kwa simu, tumeni kwanza kiasi kidogo. Someni jina lililo kwenye ujumbe wa kujibu. Kama si lile muliloambiwa, simamisheni hapo. Namba ya siri haipewi mutu yeyote.

4. Mukipeleka vitu, wawili waende navyo. Wanaopokea watie sahihi kwenye karatasi: magunia mangapi, kilo ngapi, tarehe gani. Karatasi isomwe kwenye mkutano unaofuata.

Na kama siku moja msiba ni wetu, tukumbuke: mutu akiomba pesa ili akuandike kwenye liste ya msaada, ni mwizi. Msaada haulipiwi.

Kuuliza si kunyima. Mutumishi wa kweli ataonyesha karatasi zake bila hasira, na gunia la koperative litafika kwenye chungu cha mwenye njaa.