Je, Wajua? Neno na Maana Yake, Kasongo hadi Lusangi

Je, wajua kuwa Kingwana, Kiswahili cha Kasongo, Kabambare na Lusangi huko Maniema, mashariki ya Kongo, kimepata jina kutoka neno lililobadilika safarini? Pwani, mwungwana ni mtu huru. Karne ya 19, misafara ya biashara kutoka pwani ilipoingia Maniema, wengi waliojiita Waungwana walikuwa watumwa au watoto wa watumwa, kanzu mwilini, bunduki begani. Anayetafuta maana ndani ya neno lenyewe atasema walikosea. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, katika kitabu kilichotoka 1953, aliona kuwa mara nyingi maana ya neno ni matumizi yake. Mimi niko upande wake: watu wale walilichukua jina la mabwana zao, wakaishi nalo, hadi likawa lao.

Je, wajua asili ya jina Tippu Tip? Mwenye jina hilo, mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, aliyeweka makao yake Kasongo, alisema ni mlio wa bunduki zake. Wengine husema ni kule kupepesa macho kwake. Mwanafalsafa John Stuart Mill aliandika mwaka 1843 kuwa jina la mtu humtaja tu, halimwelezi. Na kweli, wabishi wote hao wanamtaja mtu yuleyule.

Je, wajua kuwa maana yaweza kuwa nje ya maneno? Mtoto anakuja mlangoni jioni: “Mama anasema moto wetu umezimika.” Hakuomba kitu. Lakini hakuna atakayemjibu “pole” na kumrudisha mikono mitupu. Atapewa kaa la moto. Mwanafalsafa Paul Grice ndiye aliyetenganisha kinachosemwa na kinachokusudiwa, katika mihadhara yake ya Harvard mwaka 1967.

Je, wajua kuna maneno ambayo kuyasema ni kutenda? Bwana harusi akitamka “nimekubali” mbele ya mashahidi, hatoi habari, anaoa. Mwanafalsafa J. L. Austin alilieleza jambo hilo mwaka 1955.

Na Warega wa Pangi, kaskazini ya Kasongo? Katika chama chao cha Bwami, sanamu ndogo yenye nyuso kadhaa huitwa Sakimatwematwe, Bwana Vichwa Vingi. Mwalimu aliishika, akacheza nayo, akaiimbia methali. Na kama neno, sanamu moja iliweza kubeba methali tofauti katika sherehe nyingine. Serikali ya kikoloni ya Wabelgiji iliipiga Bwami marufuku mwaka 1948. Sanamu nyingi sasa zimo kwenye makabati ya vioo huko Ulaya, zimesimama kimya, bila mkono wa kuzichezesha wala sauti ya kuziimbia.