Ua la shaba na seli inayolilinda

Katika vilima vya Katanga, nchini Kongo, msitu wa miombo hukatika ghafla mahali penye shaba. Miti husimama bondeni na kugoma kupanda. Juu hubaki nyasi fupi na mimea midogo midogo ya maua, kana kwamba kuna mtu aliyefyeka. Hakuna aliyefyeka. Udongo wenyewe ndio unaochagua nani aishi na nani afe.

Kinsevere, takriban kilomita 30 kaskazini mwa Lubumbashi, ni miongoni mwa sehemu zenye udongo wa namna hiyo. Tangu 2012 mgodi wake uko mikononi mwa kampuni ya MMG, iliyoupata ilipoinunua Anvil Mining. Mawe yenye rangi ya kijani husagwa, shaba huyeyushwa kwa asidi, kisha umeme huivuta kutoka kwenye maji hayo mpaka igande kuwa bamba zito jekundu. Kazi hiyo inahitaji mitambo mikubwa na umeme mwingi. Lakini kabla ya mitambo kufika, vilima vya ukanda huu vilikuwa na viumbe waliokuwa wakiichukua shaba hiyo hiyo ardhini, wakaipima, wakaitumia na kuifungia iliyozidi, ndani ya mwili ambao mtoto anaweza kuung'oa kwa vidole viwili.

Viumbe hao ni mimea, na unaojulikana zaidi kati yake ni Haumaniastrum katangense, ambao wataalamu wameuita ua la shaba. Ni mmea mfupi wa jamii moja na mrehani, unaoota na kufa ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 1982 Guy de Plaen, François Malaisse na R. R. Brooks waliandika jinsi mmea huu unavyoota pia mahali ambapo mafundi wa zamani waliyeyusha shaba, yaani kwenye masalia ya matanuri yaliyotumika kabla ya ukoloni, ambako takataka za madini zilibaki udongoni. Wanaakiolojia wakiona ua hilo limejaa mahali pamoja, wana sababu ya kuchimba.

Udongo wa kawaida huwa na miligramu makumi machache tu za shaba katika kila kilo. Kwenye vilima vya Katanga kiwango kinaweza kupita miligramu 10,000. Mahindi yakipandwa hapo, mizizi hudumaa na majani hugeuka manjano. Mmea mdogo wa porini unawezaje kuishi pale ambapo mahindi yanashindwa? Jibu liko ndani ya seli.

Shaba ni uhai, shaba ni sumu

Seli za mimea, za wanyama, za uyoga na za binadamu ni za ukoo mmoja. Wanabiolojia huziita seli za yukarioti. Alama yake kubwa ni kiini, sehemu iliyozungushiwa utando wake na kuhifadhi DNA, pamoja na oganeli nyingine, yaani viungo vidogo vya seli vilivyotengwa kila kimoja na kazi yake. Bakteria hawana kiini cha namna hiyo. Seli nyingi za mimea zina upana wa kati ya mikromita 10 na 100, na zile kubwa za mikromita 100 zikipangwa kumi kwenye mstari hujaza milimita moja tu.

Ndani ya nafasi hiyo finyu shaba ina kazi ambazo hakuna metali nyingine inayozichukua kirahisi. Katika mitokondria, kimeng'enya cha mwisho cha upumuaji wa seli kimebeba atomi za shaba, na hapo ndipo oksijeni tunayovuta hupokea elektroni na kugeuka maji. Katika kloroplasti za majani, protini ndogo iitwayo plastosianini hutumia shaba kubeba elektroni zilizoamshwa na mwanga wa jua. Bila shaba mmea hauwezi kufanya usanisinuru, wala mtu hawezi kupumua kwa maana kamili ya neno hilo. Ndiyo maana mtu mzima anahitaji karibu miligramu 0.9 za shaba kila siku, na huzipata kwenye karanga, maharage, maini na vyakula vingine.

Sifa inayoifanya shaba ifae ndiyo inayoifanya iue. Shaba hutoa na kupokea elektroni kwa wepesi sana. Ikiachwa izurure ovyo, huzalisha kemikali kali zinazotoboa tando, kuharibu protini na kukatakata DNA. Hivyo seli haina budi kuihitaji shaba na kuiogopa kwa wakati mmoja.

Mwaka 1999 Thomas O'Halloran na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wao juu ya hamira, kiumbe cha seli moja lakini chenye kiini kama sisi. Walionyesha kwamba shaba iliyo huru ndani ya seli ni chini ya atomi moja kwa kila seli. Shaba yenyewe ipo kwa wingi, ila kila atomi imeshikwa. Kuna protini zinazoipokea mlangoni na kuikabidhi kwa protini nyingine mkono kwa mkono, hadi ifike inakotakiwa.

Safari ya atomi moja

Tuifuate atomi moja ya shaba kutoka kwenye udongo wa kilima. Unywele wa mzizi unapoigusa, kizuizi cha kwanza ni ukuta wa seli. Ukuta huu wa selulosi na pektini una chaji hasi, na shaba ina chaji chanya, kwa hiyo sehemu kubwa ya shaba hunasa hapo hapo. Kwa mimea mingi inayovumilia metali, ulinzi unaanzia mizizini: shaba inazuiwa isifike majani.

Ile inayopenya hukutana na utando wa seli, tabaka mbili nyembamba za mafuta zenye protini zilizochomekwa kama milango. Juu ya utando huo kimeng'enya huibadili shaba kwa kuiongezea elektroni moja, kisha mlango maalumu huipitisha. Seli ikiwa na shaba ya kutosha, hupunguza milango hiyo.

Ndani ni saitoplazimu. Hapa hutangulia kuishika protini ndogo ziitwazo metalothionini, zenye salfa nyingi, na salfa hupenda kuikumbatia shaba. Lakini protini hizi zinatoka wapi? Habari za kuongezeka kwa shaba hufika kwenye kiini. Jeni zinazohusika huwashwa, nakala ya maelekezo hutoka kupitia vitundu vya utando wa kiini, na ribosomu huisoma na kuunga asidi za amino moja baada ya nyingine. Protini zinazokusudiwa kukaa kwenye tando hutengenezwa kwenye retikulamu ya endoplazimu, kisha hupita oganeli iitwayo Golgi, ambako hukamilishwa na kupelekwa zinakohitajika.

Sehemu ya shaba hupelekwa kwenye mitokondria na kloroplasti kufanya kazi. Iliyobaki husukumwa kwenye vakuoli, mfuko mkubwa ambao katika seli ya mmea iliyokomaa unaweza kuchukua zaidi ya asilimia 80 ya nafasi yote. Humo shaba hufungwa pamoja na asidi za mimea, mbali na kiini na mbali na mitambo ya nishati.

Seli ya ua la shaba ina oganeli zile zile zilizomo kwenye seli ya muhindi. Haikuzaliwa na kiungo cha ajabu. Tofauti iko kwenye utaratibu: nani anapokea, nani anabeba, nini kinafungiwa wapi, na kwa haraka gani.

Tuwe waangalifu pia na takwimu za zamani. Vipimo vingi vya awali vilionyesha majani yenye shaba nyingi mno. Mwaka 2007 Michel-Pierre Faucon na wenzake walionyesha kwamba vumbi la madini lililoganda juu ya majani lilikuwa limekuza baadhi ya matokeo hayo. Jani lazima lioshwe vizuri kabla ya kupimwa.

Ndani ya miili yetu

Vumbi hilo halikai kwenye majani tu. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha utafiti uliokuta kobalti na metali nyingine kwa wingi kwenye mkojo wa wakazi wa Katanga waishio karibu na migodi na viwanda vya madini.

Seli zetu nazo zina ulinzi wao. Seli za ini hupitisha shaba kwenye Golgi, na shaba ikizidi, pampu ya protini husogea kuelekea oganeli ziitwazo lisosomu na kuitoa kwenye nyongo. Pampu hiyo ikiwa na kasoro ya kurithi, shaba hujaa kwenye ini na ubongo. Huo ndio ugonjwa alioueleza daktari Kinnear Wilson mwaka 1912. Lakini mtu hana ukuta wa seli wala vakuoli kubwa ya kufungia metali kwa mafungu. Ulinzi wake una kikomo cha karibu zaidi, na ndiyo sababu hewa, maji na mboga za wanaoishi jirani na migodi zinapaswa kupimwa mara kwa mara na majibu kupewa wananchi wenyewe.

Tusizike mwalimu wetu

Mimea ya shaba imeanza kutufanyia kazi. Huko Penga Penga, eneo la Lubumbashi lililounguzwa na moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza 1911, Mylor Ngoy Shutcha wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wamejaribu kurudisha uoto kwa nyasi ya Microchloa kunthii, wakiupa udongo chokaa na mboji. Nyasi haiiondoi shaba. Huifunika isipeperuke wala kusombwa na mvua.

Wakati huo huo, vilima vyenyewe vinakatwa. Spishi zaidi ya 30 zinakadiriwa kuota kwenye udongo wa shaba wa Katanga tu, na baadhi zinajulikana kutoka vilima vichache sana. Huko Tenke-Fungurume mbegu zimekusanywa, na nyingine zimehifadhiwa kwenye bustani ya mimea ya Meise, Ubelgiji. Kazi hiyo inapaswa kuwa sharti kwa kila mgodi kabla ya tingatinga la kwanza kupanda kilimani, na mbegu zihifadhiwe Lubumbashi pia.

Shule zetu nazo zibadilike. Mwanafunzi wa Lubumbashi huchora seli ya ganda la kitunguu kutoka kitabuni, huku nje ya mji kuna mmea ambao wanasayansi hukata tiketi za ndege kuufuata. Apewe hadubini na jani hilo. Aone ukuta, kiini na vakuoli, kisha aulizwe shaba imefichwa wapi. Shaba ya Kinsevere itachimbwa na siku moja itakwisha. Maarifa ya kuishi nayo bila kuuawa nayo yamo kwenye seli hizi, na tukizipoteza hakuna kiwanda kitakachoweza kutuundia upya.