Je, umaskini unatosha kukupa ukimbizi?

Uzi mfupi, wadau. Kila mjadala wa siasa, mmoja anasema wakimbizi wote ni watu wa kutafuta kazi, mwingine anasema njaa inatosha kuombea hifadhi. Wote wawili wamekosea.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unataka uwe nje ya nchi yako, na uwe na hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi lako la kijamii au msimamo wa kisiasa. Ule wa OAU wa 1969 ukaongeza uvamizi na vurugu kubwa. Sheria yetu ya 2021 imebeba yote. Umaskini haumo.

Chukua kijana wa huku kwetu Siongiroi aliyekuwa anachuma chai Kericho, mashine ikaingia, kazi ikaisha. Shida yake ni ya kweli, lakini hakuna anayemwandama. Akiomba hifadhi Canada kwa hoja hiyo pekee, haitoshi. (Ajenti aliyemwambia "sema tu maisha ni magumu" ameshakula pesa ya ng'ombe.)

Lakini kunyimwa riziki kunaweza kuwa mateso. Ofisa atauliza: nani alikunyima, na kwa nini wewe? 1972 serikali ya Uganda iliwapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka, nyumba, vyote wakaacha, kwa sababu ya asili yao tu. Wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza wakaenda huko. Waliobaki bila uraia wowote, UNHCR ilisaidia kuwatafutia nchi.