Mvua Imeanza? Inategemea Uko Wapi

Novemba ikiingia, piga simu tatu ndani ya Tanzania uulize habari za mvua. Tanga watakwambia vuli inanyesha. Songea wameshalima, wanaangalia mawingu. Bukoba watalishangaa swali lenyewe, maana kwao ni miezi michache tu ya katikati ya mwaka ambayo mvua hupungua.

Wote wanasema kweli. Kinachowatofautisha ni ukanda mvua, mahali pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana, hewa ikapanda, ikapoa, mawingu yakafumuka. Ukanda huo hulifuata jua. Kuanzia Oktoba huteremka kutoka kaskazini na kuziletea Tanga, Kilimanjaro na Mara vuli. Machi hurudi, ndiyo masika. Huko kaskazini unapita mara mbili. Kusini na katikati ya nchi ndiko unakogeukia, kwa hiyo Dodoma, Mbeya na Ruvuma wana msimu mmoja tu, Novemba hadi Aprili.

Mmoja, na Dodoma ni mwembamba: takriban milimita 600 kwa mwaka, na Februari jua linaweza kukatiza katikati huku mahindi yakichanua. Ndiyo maana Wagogo wa huko hawaachani na mtama na uwele. Bukoba hupata kama milimita 2,000, kwa kuwa pepo za mashariki hunywa maji ya Ziwa Victoria na kuyamwaga ng'ambo ya magharibi.

Milima nayo ina upendeleo wake. Same mjini ni vumbi, mibuyu na vichaka vya miiba. Panda Milima ya Upare hadi Mamba Miamba: migomba, ukungu, na tangawizi inayouzwa kwa magunia. Ni wilaya ileile.

Halafu kuna bahari. Mwishoni mwa 1997 El Niño, yaani joto lisilo la kawaida la Bahari ya Pasifiki, ilikuja na mvua zisizokatika hadi mwanzoni mwa 1998, na tangu hapo mtaani kila mvua kubwa huitwa hivyo, hata isiyohusika. Vuli ya 2019 ilifurika hasa kwa sababu Bahari ya Hindi upande wa Afrika ilikuwa na joto zaidi kuliko upande wa Indonesia.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli, wa msimu ule mmoja wa Novemba hadi Aprili, na wa masika, kila mmoja kwa wakati wake. Kabla hujanunua mbegu, usiishie kwenye kichwa cha habari. Tafuta wilaya yako.